Kanzu Iliyokuwa Ikirefuka

Mama,

Alfajiri ya leo nimekuota tena. Ulikuwa unatoka polepole kwenye ukungu wa mashamba ya miwa, hapa Awendo, umevaa kanzu yako nyeupe ya kanisa. Ulikuwa mrefu, mgongo umenyooka. Nikakuuliza umekuwa wapi siku zote hizi. Ukacheka tu.

Si unakumbuka? Kila Krismasi ikikaribia ulikuwa unaniletea kanzu hiyo pale kwenye cherehani yangu. "Nyathina, mwanangu, hii kitambaa imerefuka tena. Ni hizi sabuni za siku hizi." Tunailaumu sabuni, tunacheka, mimi napandisha pindo. Kumbe ni wewe uliyekuwa unapungua kimo, Mama. Nani angetuambia kwamba mifupa ya mgongo inaweza kukonda na kubonyea kimyakimya namna hiyo? Mkono ulipovunjika kwa kuinua sufuria tu, tukasema ni uzee. Halafu ukateleza mlangoni, nyonga ikavunjika, na kitandani hukuinuka tena.

Tangu uondoke nimekuwa mbishi, sikubali tena kuambiwa ni uzee tu, utanisamehe. Kule kliniki Homa Bay nilimsimulia daktari habari za kanzu kabla hajaniuliza lolote. Akaweka kalamu chini. Akanituma Kisumu nikapimwe mifupa, na kweli, yangu pia imeanza kuwa myepesi. Niliogopa. Nililia kwenye choo cha hospitali kama mtoto. Sitaki kuinama mpaka nisione uso wa mtu ninayemsalimia, kama ulivyokuwa mwishoni.

Sasa omena, dagaa wetu wa ziwani, naila na mifupa yake. Maziwa nakunywa, si ile chai ya rangi uliyokuwa unakunywa wewe ili sisi tupate maziwa. Dukani naenda kwa miguu. Na kila Jumapili asubuhi, kabla ya kula chochote, nameza kidonge cha mifupa kwa maji matupu. Nikishameza, ni marufuku kulala au kuinama kwa nusu saa.

Hiyo nusu saa nakaa na wewe. Jumapili iliyopita niliyafumua mapindo yote ya kanzu yako, na ndani kitambaa kilikuwa bado kipya. Nikaivaa. Ikanifika kwenye vifundo vya miguu, sawasawa. Nikasimama nayo dirishani, wima, nikiangalia ukungu ukiondoka kwenye miwa.

Pumzika, Mama. Kanzu nitaivaa hivyo hivyo, bila kuikunja. Na siku itakapoanza kuburutika chini, sitailaumu sabuni.

Mwanao, fundi wako.