Simu ya Aabo Ilisema Arobaini

Bulla Pesa, Isiolo

Dada Barwaqo,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima huko Mombasa na kazi inaenda. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila jua linatumaliza, na mbuzi wa Aabo wameanza kula katoni.

Unakumbuka betri za redio? Zikichoka, Aabo alikuwa akizianika juani, sisi tukifukuza kuku wasizidonoe, kisha jioni tunakaa naye mkekani kusikiliza habari. Siku hizo nazitamani sana, dada. Basi huyo baba yetu hajabadilika: nimemkuta ameanika simu, eti ipate nguvu! Nilipomgombeza aliniuliza nilizaliwa lini.

Nikaipeleka kwa Mawira, fundi wa simu pale sokoni, maana ilikuwa inazima ghafla huku inaonyesha chaji ingali tele. Mawira alicheka mpaka akakaa chini. Alinieleza kwamba simu haioni chaji iliyomo. Inapima nguvu ya umeme wa betri, inahesabu ulioingia na uliotoka, kisha inakisia. Betri ikichomwa na jua haibebi tena kama zamani, lakini simu inaendelea kuihesabu kama mpya. Ukiipa kazi nzito, hata kuongea tu mahali mtandao ni mbovu, nguvu inaanguka na simu inazima, namba ikiwa bado juu.

Hapo nikaikumbuka ile siku ulipompigia kumwambia Golicha anataka kuleta wazee kukuposa. Aabo hushikilia kwamba ulimkatia, kwa sababu kabla ya kupokea aliiangalia, ikasema asilimia arobaini. Kumbe, mke wangu Hoda ameniambia, wewe unaamini yeye ndiye aliyekukatia, tena akazima simu ulipopiga mara ya pili. Ramadhani mbili zimepita hivyo, nyote wawili wakaidi kama punda wa maji.

Mimi nilikuwa mlangoni, na siku zote nilidhani ulimsikia. Ulipomweleza alisema, "Sawa, mama. Waje. Lakini wewe utangulie, nikuone kwanza." Kisha akabaki akiita jina lako.

Nimemweleza maneno ya Mawira. Simu sasa ina betri mpya. Ameiweka mkekani kando yake, kivulini, na tukimuuliza anangoja nani, anasema anasikiliza habari.

Hoda anakusalimu sana. Nisalimie Golicha.

Mdogo wako,
Siyad