Boti Tuliyoianika Itetemia

Jumamosi, 2 Agosti

Jumamosi ya nne ya msasa na rangi. Leo tumepiga mkono wa mwisho. Buluu chini, nyeupe juu, na ubavuni nimeandika upya neno aliloliandika marehemu mwenyewe: LIKIZO. Miaka ishirini na saba ya kuandika ubaoni darasani haikupotea bure. Herufi zimenyooka.

Rehema amesimamia kama mkandarasi. Boti ni yake. Aliachiwa na mumewe Hamisi, fundi wa reli, aliyeipakia kwenye behewa alipohamishwa kutoka Kigoma, akaitua hapa Itetemia, nyuma ya nyumba, kivulini. Alisema akistaafu watakuwa wanatembea nayo bwawani Igombe kila wikiendi. Alifariki miezi miwili kabla ya kustaafu. Rehema hajawahi kukaa ndani yake hata mara moja. Alikuwa anangoja ielee kwanza.

Mimi nilishakaa. Siku ya matanga. Mimi Mnyamwezi, Rehema Mzaramo, na mtani msibani ana kazi yake. Nilivaa kofia ya reli ya Hamisi, nikapanda botini mbele ya waombolezaji, nikavua samaki kwenye vumbi kwa mti wa ufagio mpaka mjane akacheka. Siku tatu alikuwa hajafungua kinywa. Jioni ile akanishika mkono akasema, mtani, hii boti lazima ielee. Nikamwambia itaelea. Sikujua ninasema nini.

Leo nimeamua tuitoe kivulini, tuiweke katikati ya ua, jua liipige wiki mbili nzima. Nyamizi, rafiki yetu na Mnyamwezi mwenzangu, ameunga mkono. Kwetu kitu kizuri ni kilichokauka: tumbaku, mahindi, michembe ya viazi, matofali. Rehema hakubisha. Kwao ni Kisarawe, bahari aliiona sikukuu kwa sikukuu, lakini anataka tumwite nahodha.

Jumapili, 3 Agosti

Kutoka kanisani nimepitia kwa Rehema. Nimemkuta Kasimu, mdogo wake Hamisi, seremala. Ua ule ni wake na Rehema, na yeye anataka kujenga banda la kazi kabla ya mvua. Amesema mwisho wa mwezi huu. Ikielea, ikae huko huko majini. Isipoelea, anaipasua mbao.

Akatoa futi mfukoni, akapima ubavu wote, juu ya herufi zangu. Nikamchukia. Halafu nikakumbuka kwamba ametusubiri miaka miwili bila neno. Bado namchukia.

Rehema alinimiminia chai, ikafurika kwenye sahani, hakuona.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzetu wako kwenye maonyesho ya wakulima, sisi tunaonyesha injini ya boti kwa majirani. Nyamizi amekuja na basi la alfajiri kutoka Bukene. Ana mashine ya kukoboa mpunga kule, na hakuna injini inayomdanganya. Huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, daktari kabisa.

Tumeifunga injini kwenye pipa la maji. Kamba imevutwa mpaka bega la Nyamizi likalalamika. Amefungua plagi, ameisugua, ameirudisha. Mvuto uliofuata ikanguruma. Maji yote ya pipa yakatoka, yakaishia kwenye gauni langu la kanisani. Watu wakapiga makofi. Nimelowa mpaka kwenye mifupa na sijawahi kufurahi hivi tangu matokeo ya kidato cha nne ya mwaka ule niliofaulisha darasa zima.

Rehema kasema Wanyamwezi mlibeba kila kitu kutoka pwani, mkasahau kubeba bahari. Nikamwambia Wazaramo walikuwa wanacheza ngoma, hawakutufungia mzigo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepita baada ya vipindi. Boti imekauka kama sahani. Ukiigonga inalia. Kuna nyufa nyembamba kati ya mbao, nimeziziba kwa pamba na nta. Nta ya kwetu haina mpinzani.

Ninafundisha Ziwa Tanganyika kila mwaka. Kina chake, urefu wake, misafara iliyotoka hapa kwenda Ujiji. Sijawahi kukaa kwenye chombo chochote cha majini. Siogopi.

Uongo. Naogopa sana.

Jumamosi, 16 Agosti

Imezama.

Niandike kwa utaratibu. Tuliipakia kwenye lori dogo, Kanta, asubuhi, tukaenda Igombe. Njia ilikatika hatua mia tatu kabla ya maji, tukaibeba mabegani, watu kumi na wawili, wavuvi wa pale wakisaidia. Nyamizi alianzisha wimbo wa kazi, sote tukaitikia. Nilijiona pagazi wa kweli. Kifua kilinijaa.

Tukaiweka majini. Ikaelea. Rehema akainua mikono. Hajapanda bado, mguu uko hewani, nikaona maji yanachungulia kati ya mbao. Kwanza machozi. Halafu bomba. Nta yangu yote imetoka, inaelea juu vipande vipande. Tulichota kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yalifika kwenye viti, injini tukaiwahi kwa bahati tu.

Kasimu alikuwepo. Laiti angecheka. Hakucheka. Alitusaidia kuivuta ufukoni, akaigeuza kifudifudi, akasema kwa upole atakuja na Kanta tarehe thelathini. Akapita pembeni, futi mkononi, akaanza kuhesabu mbao.

Rehema amerudi na kofia ya Hamisi mapajani.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimemwambia mzee wa kanisa nina homa. Sina homa. Nina aibu.

Nilimwahidi mjane mbele ya msiba. Utani una mpaka wake, nami niliuvuka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepata. Ee Mungu wangu, nimepata!

Jioni nilikuwa kwenye bustani ya mboga. Jembe likachomoka kwenye mpini, likaruka mpaka kwenye sukuma wiki. Limekaa juani tangu Julai. Nikafanya ninachofanya siku zote tangu utotoni, nilichofundishwa na mama: nikalitumbukiza kwenye ndoo, mti uvimbe, chuma kishike. Nikageuka kuchuma mboga.

Nikasimama na mboga mkononi.

Mti ukikauka unasinyaa. Ukilowa unajaa. Hamisi aliiweka kivulini miaka yote, kila jioni akiimwagia maji, sisi tukisema huyu mtu ana bustani gani ndani ya boti? Mimi ndiye niliyeitoa. Wiki mbili za jua la Agosti. Nimeianika boti kama tumbaku.

Nimempigia Nyamizi. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Mwalimu, akasema, sote tunaloweka majembe, hakuna aliyefikiri.

Kumpigia Rehema ni kazi nyingine. Kesho.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeomba ruhusa shuleni. Nikamweleza Rehema njiani: dawa ni kuizamisha. Kwa makusudi. Mawe ndani, siku kumi chini ya maji.

Alidhani ni utani. Tulipofika, tukaigeuza, tukaisukuma, Nyamizi akaweka jiwe la kwanza, ndipo alipoelewa. Akapiga kelele. Akasema nilimchezea mumewe siku ya matanga na sasa namzika mara ya pili. Akaingia majini na kitenge chake kutoa mawe. Mimi nikawa narudisha. Wazee wawili tunagombania mawe, wavuvi wanatazama.

Nikamwambia, mtani, kama si kweli, niite mwongo mpaka nife. Akajibu ameshaanza.

Akakaa chini ufukoni. Tukaizamisha. Neno LIKIZO lilikuwa la mwisho kwenda.

Jumapili, 24 Agosti

Nimepita dukani kwa Rehema, Kanyenye, jana. Alikuwa anakunja vitenge. Nilisalimia, akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Miaka kumi na tisa ya urafiki. Nikiwa nimekosea, nimepoteza boti na mtu.

Jumatano, 27 Agosti

Nyamizi ametuma ujumbe. Anauliza kama nalala. Silali.

Jembe langu halitikisiki hata ukilipiga kwenye jiwe. Nimelijaribu mara tatu leo. Jirani ameniuliza kama mimi ni mzima.

Jumamosi, 30 Agosti

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Saa mbili asubuhi tulikuwa Igombe, mimi na Nyamizi. Baridi, upepo umelala, maji yametulia tuli. Kanta ya Kasimu ilikuwa imeshafika. Msumeno nyuma. Rehema hakuwepo. Nilimtazamia barabarani mpaka shingo ikauma.

Tukaanza bila yeye. Wavuvi walitoa mawe, tukaivuta mpaka kwenye kina cha magoti, tukachota maji. Ndoo, sufuria, bakuli la plastiki. Nyamizi akafuta chini kwa tambara, kikabaki kidimbwi kidogo. Nikamgeukia Kasimu nikamwomba futi. Alinitazama. Akanipa. Ile ile.

Nikaisimamisha kwenye kidimbwi. Sentimita moja. Nikamwambia Kasimu asome mwenyewe, mimi mtu wa kupendelea. Tukasubiri nusu saa. Nilihesabu ng'ombe waliokuja kunywa ng'ambo, nikafika arobaini, nikaanza tena. Nilipogeuka, Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia ya Hamisi kichwani. Sijui alifika saa ngapi.

Kasimu akainama. Akasoma. Akafuta futi kwenye suruali, akasoma tena.

"Sentimita moja," akasema. "Haijapanda."

Nyamizi akapiga vigelegele ambavyo nadhani Bukene walivisikia. Mimi nililia. Sikujificha, nililia kwa sauti, kamasi na yote. Nilikuwa sahihi! Jembe lilikuwa sahihi! Mama yangu, aliyemaliza darasa la pili, alikuwa sahihi!

Injini ikafungwa. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nyamizi akaiambia maneno ya Kinyamwezi ambayo sitayaandika kwenye daftari hili. Wa tatu, ikawaka.

Rehema akavua viatu. Akavishika mkononi kama anayeingia msikitini, akapanda. Akakaa nyuma, penye usukani, mahali pa Hamisi. Akaweka mkono juu ya ubao, akaupapasa. Kisha akaniangalia mimi niliyesimama ufukoni na jaketi la kuokolea limenikaba shingo.

"Mtani," akasema, "unapanda au nikubebe?"

Nikapanda.

Tulifuata ufuko polepole. Hatua thelathini kutoka nchi kavu, hatukwenda mbali, sisi si wendawazimu. Miti ya miombo inapita yenyewe, mimi nimekaa. Hilo ndilo lililonishangaza. Maisha yangu yote nimekwenda kwa miguu kuifuata miti, leo imekuja. Wanawake waliokuwa wanafua walisimama wakapunga nguo. Ng'ombe wakainua vichwa, maji yakiwadondoka midomoni. Ndege mmoja, nyarara, akatutangulia juu ya maji. Kwa dakika mbili nilishika ubao kwa mikono yote, halafu mmoja, halafu nikaushusha ule wa pili majini mpaka kwenye kiwiko. Baridi. Tamu.

Naogopa bado. Nilifurahi kuliko nilivyoogopa.

Kwenye kona ya pili Rehema akapaza sauti ishinde injini: "Mababu zenu walibeba mizigo mpaka Ujiji! Leo Mzaramo kawabeba!" Nyamizi akacheka mpaka boti ikayumba. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, nimemwachia neno la mwisho.

Tuliporudi Kasimu alikuwa majini mpaka magotini, suruali haijakunjwa. Rehema alisogea kidogo. Viti ni vitatu, shemeji akakaa chini sakafuni, magoti kidevuni, mikono kwenye mbao za kaka yake. Mzunguko wote alikuwa anazigonga kwa vidole, moja moja, anasikiliza. Nadhani alikuwa analia. Upepo ulikuwa umelala, kwa hiyo si upepo uliomtoa machozi.

Kanta imerudi mjini tupu. Msumeno ulikuwa unagonga nyuma njia nzima.

Jumamosi, 6 Septemba

Igombe tena. Nyamizi amekuja na mchele na samaki tumenunua hapo hapo. Tumekwenda mpaka kwenye mawe ya upande wa pili, tumekula, tumerudi. Rehema amelala njiani, kofia usoni, nimeshika usukani mimi. Safari haikuwa na mambo mengi.

Boti inabaki majini sasa, imefungwa kwenye mti, na chini tumeacha maji kidogo kwa makusudi. Mvuvi mmoja amekubali kuitazama.

Jioni tulipofika ufukoni tulimkuta Kasimu ananisubiri na kitu begani, kimefungwa kwa gunia. Kiti. Mninga mtupu, amekipiga randa mpaka kinateleza, kimekatwa sawasawa kwa ubavu ule alioupima mwezi uliopita. Akasema ni cha nne, maana Jumamosi yuko huru. Akauliza kama akakipake rangi kwanza.

Nimemwambia apake. Ila asikianike.