Lutuku Chini, Mawese Juu

Jambo Mama Ève wa radio, minyi niko na miaka makumi munane na moja, nilizika bibi wawili na bandugu saba, nilipita feza ya makuta na feza ya zaïre, nilipita treni ya moshi, na ule docteur mwenye aliniambia mu 1988 kama sitaona Noeli, ye pia nilimuzika na njo minyi nilishika musalaba mbele. Naomba musaada, lakini usizani minyi ni mutu wa kuomba-omba, Kamina muzima banajua. Bajukuu balitaka kuniandikia hii barua, nikakataa, naandika na bic yangu mwenyewe, kama herufi moja imelala weye isimamishe. Jina yangu usitaje ku radio.

Mambo iko hivi. Mujukuu wangu Banza anataka kuoa binti wa kule Mulongo, na kwetu bakwe hawasikilizake maneno kavu, shurti pombe itoke ku nyumba ya bwana, ibebwe na mukubwa wa nyumba na mikono yake mwenyewe, ndipo bafungue kinywa. Na mukubwa wa nyumba njo minyi, bengine bote walikufa. Basi balipika lutuku, ile pombe kali yetu, kwangu, litre makumi mbili, na haikuwa lutuku ya kununua njiani, minyi mwenyewe niliipima, unamwanga kidogo ku kijiko, unawasha kiberiti, kama inawaka buluu njo lutuku ya batu, na ile yangu iliwaka buluu mpaka kijiko ikakauka.

Sasa kutoka Bukama kushuka muto Lualaba mpaka Mulongo kuko bato mupya, Bato Neema, siku tatu, iko na kivuli juu, muziki, viti, kuko batu banapandaka ile juu ya kujifurahisha tu na kupiga picha ya viboko. Ku mulango iko kibao na maandiko mingi, sikuisoma, kifaransa inachokesha macho, lakini batu balisema: ni sheria, hapana kuingia na pombe. Nikaangalia ndani, naona buvette, baa ya bato, na bière imepangwa kama baaskari! Nikamuita mulinzi wa mulango, jina yake Théo, nikamuuliza mbele ya batu bote: «Weye, hii sheria ni ya Mungu ao ni ya buvette?» Batu bakacheka sana. Mama moja akasema: «Tata anasema kweli, banataka tununue kwao tu!» Mwanaume mwingine akasema hapana, mwaka jana mutu alilewa na pombe yake ya ku nyumba akaanguka mu maji, hawakumuona tena. Mama akamujibu: «Na mwenye kulewa na bière ya buvette, ye anaangukaka ku kitanda?» Ikawa kelele, kila mutu na sheria yake. Théo akasema: «Nkambo, bière haiwakake moto.» Minyi nikamwambia, mutoto weye, nilikuwa serre-frein, mufunga-breki wa treni, mu chemin de fer miaka makumi tatu na ine, moto nilijua mbele mama yako azaliwe. Batu bakacheka tena.

Lakini hiyo yote nilisema kwa kumusumbua tu, juu lutuku yangu ilikuwa imeshafichwa, na hapa Mama Ève sikiliza akili. Mafuta ya mawese inapandaka juu ya lutuku, haichanganyike. Nilijaza lutuku mu bidon kubwa ya manjano, nikaacha nafasi ya vidole bine, nikamwanga mawese juu. Mulinzi akifungua, anaona mwekundu tu, anatia kidole, ni mafuta, anafunga. Nani mwingine mu Haut-Lomami alishawaza hiyo? Lakini Théo anapekuaka sana bazee ya kwetu, anatujua, basi nilitafuta bamama benye kubeba mawese ya kweli. Nikaona Bilonda.

Huyu Bilonda ni mutoto wa Kalonji, ni watu wa Kasai, anakaa ngambo ya pili ya avenue yetu, kila mwezi anapelekaka mawese Mulongo na kurudia na samaki kavu. Baba yake, mu mwaka ya 93, wakati balikuwa banafukuza Bakasai, alilala kwangu siku kumi na mbili nyuma ya magunia ya mahindi, na minyi nilisimama ku mulango na panga, nilikuwa na nguvu kama dume. Nikamwambia: «Binti yangu, niko na mawese ya bakwe, mugongo inaniuma, acha niweke na yako.» Akasema: «Leta, Tata, weka pale.» Théo akafungua bidon zote tatu, akatia kidole, akaandika BILONDA na chaki ku zote tatu. Sikusema kitu. Na nani angesema?

Tukaenda vizuri. Mu saa sita ya mchana mupishi wa bato, Mama Mujinga, mafuta ikamuishia, samaki iko ku meza na moto imeshawaka, akamulilia Bilonda amuuzie kidogo. Bilonda akashika bidon ya karibu, njo ile yangu, akaniambia na sauti: «Tata, nakopa kidogo kwako, nitakurudishia mu yangu.» Hapa njo neno inanisumbua, Mama Ève. Nilikuwa na wakati. Nilikuwa nimekaa pale, kinywa yangu ilikuwa wazi, nilikuwa natafuna karanga. Nikawaza: vidole bine ya mawese, kikaango moja, itatosha. Nikamwambia: «Kopa, binti yangu.»

Haikutosha. Mawese ikatoka vizuri, mwekundu, halafu bato ikatikisika kidogo, akainamisha zaidi, na lutuku ikafuata nyuma. Moto ikaruka mpaka ku turubai. Mkono wa kuume wa Bilonda ukashikwa na moto kutoka vidole mpaka ku kiwiko, bamama banapiga kelele, batoto balikuwa pale, moteur na essence, petroli yake, iko hatua tano. Mujinga akamufunika na mukeka mubichi, banaume bakamwanga muchanga, ikazima. Kama ingefika ku essence singeandika hii barua, hata na bic gani.

Kapiteni akakuja, Ngondo, mutu wa maneno mafupi. Akanusa bidon. «Ni ya nani?» Théo akasema: «Jina iko pale, ni ya Bilonda.» Mutu mwingine nyuma akasema: «Njo bao, Bakasai, banauza hata kifo.» Bilonda alikuwa anashika mukono wake. Akaniangalia. Aliniangalia tu, na minyi nikaangalia maji.

Bakamushusha ku kijiji ya Katoto, na bidon yake mbili ya mawese, bakamwanga lutuku yangu yote mu Lualaba, litre kumi na munane, hata viboko balilewa siku ile. Jina yake bakaandika ku port ya Bukama: hatapanda tena. Minyi nikafika Mulongo mikono mitupu, bakwe bakasema: «Muzee, ulikuja kutembea?» Bakanipa mpaka mwisho wa mwezi huu nirudie na pombe, kama sivyo kuko mwanaume mwingine anangoja yule binti.

Sasa Mama Ève akili yangu inazunguka. Nikisema ilikuwa bidon yangu, Kapiteni ataandika jina yangu ku port, nitafika Mulongo namna gani, na Banza atakosa bibi. Nisiposema, Bilonda hapande. Anauza makala, makaa ya kupikia, sasa ku soko, na mukono wa kushoto. Lakini kosa ni ya nani kwa kweli? Minyi sikunywa hata tone. Sheria ni ya kukataza ulevi, nani alilewa? Kama bangeruhusu lutuku singeficha, kama singeficha haingewaka, basi kosa ni ya sheria! Nikiisema mu kichwa iko sawa kabisa, nikipita ku soko haiko sawa tena. Na kintu kikubwa sielewi: mbona hakunitaja? Alijua ni yangu. Anapita mbele yangu, anasema «Jambo, Tata», basi. Anatengeneza nini? Anataka nini kwangu? Mutu mwenye kukunyamazia namna hii anakupangia kitu. Nilianza kuonjesha paka chakula yangu kwanza.

Niambie nifanye nini, lakini usinitukane, minyi ni mukubwa. Kama unazani ninaongopa, uliza Mujinga mupishi, alinusa lutuku ku nguo zangu. Uliza Théo, anajua nilimushinda ku maneno. Na mwenye kujua yote kupita bote ni Bilonda mwenyewe, lakini ye usimuulize.

*

Mama Ève anajibu

Tata, nilimuuliza.

Nilienda soko Jumamosi, nikanunua makaa ambayo sikuhitaji. Bilonda ananifungia na mkono mmoja, wa pili anaubeba kama mtoto mgonjwa. Nikamuuliza mbona hakumtaja mwenye bidon. Akaniambia: «Mzee ana kinywa. Nilingoja akifungue. Ninangoja mpaka leo.» Hakuna sumu, Tata. Mwachie paka wako chakula chake. Yeye anakungoja, basi, na hiyo ndiyo inakuwasha.

Pole kwa bibi zako na ndugu zako saba. Pole pia kwa mzigo wa kubaki mkubwa peke yako, kwa sababu kusimama mbele ya wakwe wa Mulongo bila ndugu nyuma yako si kazi ndogo. Nimekuonea huruma kwa hilo. Kwa yaliyobaki, vumilia, nitakukasirikia kidogo.

Unasema kosa ni la sheria. Kuhusu buvette, una haki nusu: wanauza bière kwa sababu inawaletea feza, na wasituambie ni utakatifu. Abiria wabishane na kapiteni juu ya hilo, wana haki. Lakini Théo alikupa sababu ya pili, ya kweli, kwa maneno matatu, na ukamcheka. Wewe ambaye ulipima lutuku kwa kiberiti! Katika bato nzima hakuna aliyejua kama wewe namna ile kitu inavyowaka. Ukaiweka hatua tano kutoka kwenye essence, kati ya watoto wa watu.

Nilimpigia Kapiteni simu, jina lako sikutaja. Nilimwomba anisomee kile kibao. Kina mistari minne. Wa nne unasema: pombe ya ndoa au ya kilio itangazwe mlangoni, itafungwa katika sanduku la chuma nyuma ya bato, mwenyewe atapewa akishuka. Unasikia, Tata? Ulikuwa na mlango. Ungemwambia Théo, «Mwanangu, nisomee hapa», ungefika Mulongo na litre zako ishirini, bila tone la mawese. Umri wako haukukukataza kuuliza. Ulijikataza mwenyewe.

Tena, ule mwaka wa 93. Ulifanya jambo kubwa, na ukoo wa Kalonji haujasahau, nina hakika. Lakini ulimficha baba ili mtoto wake asimame hapa Kamina kama mtu. Siku waliposema mbele yako «Njo bao, Bakasai», panga halikuhitajika. Ilihitajika sentensi moja. Yale mema ya zamani ni yako, hakuna anayekunyang'anya, ila hayakulipii yale ya juzi.

Umeniuliza ufanye nini. Fanya hivi.

Bato inaondoka Bukama Alhamisi saa mbili. Treni inatoka Kamina Jumanne, ikikubali. Panda hiyo, na Bilonda apande pamoja nawe kama atataka; tiketi yake ni juu yako. Usiende kumnong'oneza Kapiteni ofisini. Walimshusha mbele ya watu, basi sema mbele ya watu, wakati wanapakia, Théo akiwepo. Sema bidon ilikuwa yako, sema ulimwambia «Kopa» ukijua chini kuna nini. Hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu kwenye barua yako ndilo pekee ulilolisema bila kujisifu. Halafu simama pale mpaka jina lake lifutwe. Lako likiandikwa, liandikwe.

Kuhusu Banza: mwambie wewe kabla hajasikia kwa majirani. Ndiyo, atasikia. Umenikataza kutaja jina, halafu umenieleza avenue, kazi yako, na mwaka wa 93. Kamina yote imeshakutambua wakati ninasoma. Wakikukataza kupanda, Banza abebe pombe mwenyewe, itangazwe, ifungwe katika sanduku, na wewe uwapigie wakwe simu uwaeleze kwa nini mkubwa wa nyumba hakuja. Huenda watakataa. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakataa. Lakini binti yule akiingia katika nyumba yako kwa njia ya mkono wa Bilonda, utakula ugali wake miaka yote iliyobaki ukiangalia maji.

Na kabla ya treni, kabla ya Kapiteni, kuna kuvuka avenue. Fanya Jumatatu asubuhi, wakati majirani wako nje wanafagia. Bila mjukuu, bila kuku wa kuomba radhi; hayo yatafuata, na matibabu ya mkono pia, mtapanga na ndugu zake. Akikuambia «Jambo, Tata», usianze na sheria, usianze na ndoa, usiniingize mimi. Anza na: «Ile bidon ilikuwa yangu.» Halafu nyamaza, Tata, na umwache yeye aseme.