Mnyororo Unaosimama Jua Likipanda

Tinde,
S.L.P. 9, Shinyanga,
14 Septemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Cornel,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipompokea Donatus kule Geita, kabla hujahamia Rhodesia: nakuonea wivu. Si wivu wa mali, wala wa kazi yako ya mgodini huko Kitwe. Ni wivu wa mwanangu. Nimeliandika kwanza kwa sababu nikitanguliza salamu kama tulivyofundishwa shuleni Ushirombo, nitazijaza karatasi zote na kulikwepa.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Shemeji Euphrasia na watoto hawajambo? Kifua chako kimepata nafuu ya lile vumbi? Shikamoo yako naiitikia kutoka hapa hapa, marahaba. Sisi tu wazima, isipokuwa mimi. Miguu imevimba, chakula hakipiti, na padre amekwisha kuja na mafuta matakatifu. Mama Donatus ananigeuza kitandani kama mtama ulioanikwa, na anasema afadhali mtama, haumkosoi mtu Kiswahili chake.

Huku ni kiangazi kikali. Ng'ombe wamehamishiwa mbali, na akina mama wanachota maji ya matope. Ndiyo maana watu wote wanautazama mtaro wa mabomba unaochimbwa kutoka hapa kwenda Didia, na anayeuchimba ni Donatus.

Amekabidhiwa trekta ya aina ile uliyomfundishia. Nyuma yake kuna mnyororo wenye meno, unaozungushwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Lakini tangu Julai imekosa nguvu. Asubuhi inakata udongo mweusi wa mbuga bila taabu. Jua likipanda, injini inanguruma vilevile, ila mnyororo unasita, kisha unasimama ndani ya udongo. Jioni kukipoa unaamka tena kidogo. Maige, msimamizi wao, amenipachika mimi lawama kwa mzaha: “Mwalimu, trekta ya mwanao ina adabu ya shule. Ikifika saa sita inapiga kengele na kwenda nyumbani.” Siku nyingine hakutania. Alisema mwezi huu ukiisha mtaro ukiwa haujavuka mto mkavu wa kwanza, ataletwa dereva mwingine.

Nikueleze walichokagua. Mafuta yamejaa kwenye tangi. Chujio limeoshwa kwa mafuta ya taa. Mkanda wa pampu hautelezi. Lakini kila mchana Donatus akifungua tangi hukuta povu jeupe, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Hapa nikiri sehemu yangu. Mwezi wa Juni, pete ya mpira ilipasuka kwenye kiungo cha bomba ambalo pampu hunyonyea mafuta. Donatus alitaka kusimamisha kazi mpaka pete nyingine itoke Mwanza. Alisema, “Baba angengoja.” Nilikuwa nimekaa mbele yake, Cornel, lakini hakuwa akinitaja mimi. Tangu arudi kutoka kwako amekuwa akikuita Baba, ile “mdogo” ameiacha Geita.

Nikamwambia sisi Wasukuma tulikaza ngoma kabla mpira haujaletwa nchini. Nikatuma kwa mzee Bujiku, mtengeneza ngoma, akakata pete ya ngozi mbichi ya ng'ombe, wakaifunga ikiwa na unyevu. Ilikaza vizuri mno. Kijiji kizima kilinisifu, na kwa siku chache nilikuwa fundi.

Tangu hapo ndipo nguvu zikapungua. Donatus aliishuku ile ngozi, lakini hakutaka kuniaibisha. Mimi nikazidi. Nikachukua kitabu cha mashine, nikamfasiria Kiingereza chake, nikamwagiza akaze skrubu ya valvu inayozuia msukumo usipite kiasi. Akaikaza kwa kunitii. Bomba moja likapasuka, mafuta ya moto yakamuunguza mkono wa kushoto. Alipoletwa nyumbani alisema tu, “Kitabu umekisoma vizuri, Baba.” Hapo sikuwa na shaka anayeitwa ni mimi, na sikupenda.

Nalala hapa nikiifikiria ile pete. Ngozi ikiwa na ubaridi wa asubuhi huvimba na kujaza nafasi. Ikipata joto hukauka na kunywea. Nadhani pampu inanyonya hewa pale, ndiyo maana povu. Lakini nilidhani pia juu ya valvu, na umeona. Donatus hatanibishia, wala mimi nikiwa kitandani hivi hataing'oa pete niliyoiweka. Kutoka kwako ataipokea. Mwandikie aing'oe, na airudishe ile skrubu ilipokuwa. Mwandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake, usipitishe kwangu.

Nisalimie ndugu yetu Theonest aliye huko nawe, na umwambie nyumba ya marehemu Mayu, mama yetu, bado imesimama. Mama Donatus anakusalimu sana. Binti yetu Limi amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mungu akulinde uwapo chini ya ardhi na akupandishe salama kila jioni. Akujalie watoto wako wakuite wewe tu.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niombe kuketishwa. Kama hujapata barua ya Donatus, si kwa kiburi chake. Alipoungua aliniomba nikuandikie. Kama tulivyolelewa, ombi zito kwa baba mdogo hupitia kwa baba, naye alifuata heshima hiyo. Akawa ananiuliza kila wiki kama umejibu. Wiki ya mwisho nilimwambia umejibu. Nikamwambia umesema huna nafasi ya kuhangaika na mtoto wa mwenzako. Aligeuka akatazama ukutani, na tangu siku ile hajalitaja jina lako.

Maneno hayo niliyatunga mimi, Cornel. Sikukuandikia kamwe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Valerian