Kiwanja cha Kule Juu

Kwa Bibi, Uluguru
12 Aprili 2025

Mjomba Mansuri,

Shikamoo. Natumaini mpunga wa Turiani unaendelea vizuri. Nakutumia barua hii kwa simu, kwa sababu tukiongea ungenikatiza.

Chuoni, kwenye somo la jiografia, tulitumwa kupima mteremko wowote. Nilipima huu wa nyuma ya nyumba ya Bibi, nikapata alama ya juu kuliko wote. Nilifurahi hadi nilipoutazama mchoro tena: ufa wa ardhi niliouchora uko mteremkoni, juu ya paa lake. Katika shajara yangu, tarehe 15 Machi kidole kiliingia katika ufa huo. Jana iliingia ngumi.

Nimemsihi ahamie kile kiwanja cha ukoo kule juu, penye mwamba. Anasema, “Mgawaji ni mjomba wako. Bila neno lake sihami.” Lakini mbuzi ameshawapeleka huko! Nilipomuuliza, alicheka. “Mbuzi hawaulizwi na ukoo, mjukuu wangu. Mimi nitaulizwa.”

Najua kiwanja hicho umemwahidi mwanao Yusuph. Mhadhiri alipotufundisha kwamba kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, baba hamwachii mwanawe, wenzangu waliandika. Mimi nilikuwaza wewe, kalamu ikasimama. Sitalisema hilo kwenye kikao cha ukoo.

Ukimaliza kusoma, mpigie Bibi mwenyewe, umwambie ahame. Mvua imeanza tena tangu asubuhi. Vyombo vyake nimeshavifunga, naye amekaa juu ya furushi, simu mkononi.

Mpwa wako,
Shamimu