Bastola Niliyoitoa kwa Adabu

Richardson, Jumapili, Machi 2006

Upepo tangu asubuhi, ule wa Texas wa mwezi wa tatu, unaoingiza vumbi hadi kwenye sukari. Nimefunga mlango wa ua mara mbili na bado unagonga. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kwenye kabati la vioo, nimerudi. Zuhura, mke wangu, ameniambia nikipita tena mbele ya televisheni atanitoza nauli.

Acha niandike, labda nitatulia.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanaujua ugonjwa wangu: bastola kuukuu za jeshi, na zaidi ya hizo, vifaa vya kufundishia askari. Nina risasi za mbao, chati za ukutani zilizochanika pembe, na bastola ya mbao ndefu kama mkono wangu, ambayo mwalimu aliinua juu ili hata aliyekaa nyuma aone. Bastola nzima ninazo mbili tu, zimefungwa ndani ya sefu, na risasi zake sina.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa silaha jeshini. Mezani kwake kambini palikuwa na bastola ya Kibelgiji iliyokatwa ubavu mmoja, kingo zake zimepakwa rangi nyekundu, ili kuruta aone springi na nyundo zinavyofanya kazi ndani. Haikuweza kufyatua hata punje ya njugu. Siku za likizo aliniruhusu nivute kifyatulio nitazame nyundo ikianguka. Baba hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Alinionyesha ile.

Nyingine kama hiyo nimeitafuta miaka kumi na moja. Jumamosi ya wiki iliyopita niliipata Houston, kwenye maonyesho ya silaha, mezani kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa silaha. Nilipita Stafford kwa dada yangu, nikala samaki wake wa kupaka haraka haraka kama mtu anayefukuzwa, nikaendesha gari saa nne kurudi nyumbani. Ilikuwa kwenye kiti cha abiria, ndani ya taulo. Niliifunga mkanda. Ndiyo, nilifunga bastola mkanda.

Kesho yake akaja rafiki yangu Papa Aline, yaani Baba Aline kwa Kiswahili cha kwao. Ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Fort Worth. Tulijuana mwaka wangu wa kwanza hapa, tulipokuwa tukipanga maboksi kwenye ghala moja. Mtu mpole, mwimbaji wa kanisani, kicheko chake hukawia kutoka. Sijawahi kumuuliza habari za vita na yeye hajawahi kunisimulia. Aliishika ile bastola muda mrefu mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema ni nzuri sana.

Na mimi, mtoto wa Mombasa niliyelelewa nikaleleka, nikajibu kama mama alivyonifunza mgeni anaposifu kitu chako. Chukua, ndugu yangu, ni yako.

Kwetu mgeni naye anajua la kujibu. Husema Mungu akuzidishie, kitu kinabaki pale pale, na nyote wawili mmeheshimiana. Papa Aline alisema asante, akaiviringisha ndani ya taulo langu, akaenda nayo.

Hata taulo.

Wiki nzima sikuwa mtu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama aliyenifunza, kisha nikaona aibu kwamba rafiki wa miaka yote hii namnunia kwa kipande cha chuma. Kazini Plano nilituma barua pepe ya bosi kwa mteja. Zuhura alicheka hadi akashika mbavu, halafu akauona uso wangu akaacha. Nilimwomba ampigie simu Mama Aline, mke wa Papa Aline, aulizie kijanjajanja.

"Si ni wewe ulimwambia ni yake? Nim-call nimwambie nini, kwamba mume wangu hakumaanisha?"

Lakini nilikuwa na mpango. Leo ningekwenda Fort Worth na sufuria ya biriani, niketi kama mgeni, halafu niisifu ile bastola. Kama adabu ndiyo iliyonipokonya, adabu hiyo hiyo inirudishie. Mwanamume mzima nimefanya mazoezi ya kusifu, peke yangu ndani ya gari, njia nzima.

Sikupata nafasi ya kuisifu. Papa Aline alinifungulia mlango, na kabla sijaitua sufuria akaenda kuitoa bastola juu ya kabati la vyombo, akanikabidhi. Alikuwa ameifunga kwa kitenge. Taulo langu lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi.

"Papa Swaleh, hii bastola mi naijuwa," alisema. "Lakini niliionaka kwa mbele tu. Nilitaka nijuwe ule mwenye kuishika, yeye anaonaka nini."

Nikamuuliza ameona nini.

"Watu tu."

Tukala biriani. Tukazungumza habari za shule ya watoto, na alicheka mara mbili. Zile sifa zangu zote za njiani nilirudi nazo tumboni, na ninaona haya hata kuziandika.

Sasa iko mezani mbele yangu. Sheria ya kwanza ya baba ilikuwa usiutazame kamwe mdomo wa mtutu, hata ukiwa na hakika ni mtupu. Nimeitii maisha yangu yote. Kwa hiyo bastola hii naijua kwa ubavu tu: rangi nyekundu, springi, kidole cha baba kikinionyesha.

Leo nimeigeuza.

Kwa mbele, mkato hauonekani. Rangi nyekundu haionekani. Hakuna chochote cha kukuambia kwamba hii ni ya kufundishia.

Nimeirudisha kabatini, mdomo ukielekea ukutani. Nikaitoa tena. Mlango wa ua bado unagonga. Jumapili ijayo Papa Aline atakuja, kama kawaida yake, na atakaa kwenye kiti kile kile kinachotazama kabati.

Niiweke wapi?