Simbilisi Mwenye Jina

Yeny mwanangu,

Mimi mzima, ila simbilisi wako Pelusa uliyeniachia kanichosha. Daktari wa mifugo kasema tumbo limepona lakini bado mnyonge, nimchangamshe: nimtengenezee pango la boksi, nimfichie majani ayatafute. Eti apate na mwenzake. Nikamtolea dume nono kati ya simbilisi tunaowafuga jikoni kwa kitoweo, lile la kuchinjwa sikukuu ya kuzaliwa ya baba yako. Sasa Pelusa hali kitu bila mwenzake.

Jana, sikukuu yenyewe, shangazi yako Hilaria kaja na kisu, kalikamata dume.

“Liache hilo,” nikamwambia.

“Wifi, unaumwa?”

Wageni wamekula viazi vitupu, na baba yako haniongeleshi.

Toka huko Lima uje umchukue upesi. Leo asubuhi nimejikuta nawapa majina na wale waliobaki jikoni.

Mama yako,
Saturnina